Fonti za mwandiko kwenye kadi za harusi: zinapopendeza na zinapotuaibisha (wachapaji, wapambaji na wabunifu karibuni)

#1 Bwana Kadi

Wakuu, habari za wikiendi.

Mimi nina steshenari ndogo huku Mbagala, huu mwaka wa tisa. Kadi za mchango, kadi za mwaliko, vyeti vya semina, ratiba za mazishi, vyote vinapita mezani kwangu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya ombi ninalolisikia karibu kila siku, "kaka niwekee ule mwandiko wa kulala, ule wenye mikia", na kwa sababu ya aibu iliyonipata mwezi uliopita kwa mwandiko huohuo.

Kamati moja ya harusi ilileta kazi ya kadi za mchango. Wakataka maandishi yote yawe Edwardian Script. Nikauliza, yote? Yote, mpaka namba ya simu ya mweka hazina. Nikanyamaza nikafanya, maana msimu wa harusi ukishafika hubishani na mteja aliyekwisha kupenda kitu. Nakala 300, karatasi rangi ya maziwa, wino wa kahawia. Zilikuwa nzuri, sitadanganya.

Siku ya tatu mweka hazina akanipigia. Michango haiingii. Kumbe fonti ile ina mistari myembamba kama utando wa buibui, nami nilikuwa nimeiweka saizi ndogo, na wino wa printa ulikuwa ukingoni. Ile 8 katikati ya namba ilikatika ubavu wa kushoto, ikasomeka 3. Wengi waliona jina geni linatokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, wakasita, wakapiga kuuliza. Shangazi wa bwana harusi hakusita. Elfu hamsini yake ikaenda kwa kijana asiyejulikana, na kuirudisha ilichukua siku kumi na watu wazima wawili wa kuzungumza naye kwa upole.

Kadi ambazo hazijagawiwa nilizirudia kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo dukani kuna sheria: mwandiko wa kulala ni wa majina ya maharusi, ukizidi sana na neno la kukaribisha juu yake. Tarehe, ukumbi, saa, namba ya simu na ile SINGLE au DOUBLE ya pembeni, vyote herufi zilizosimama wima.

Najua humu kuna wanaozijua hizi fonti kuliko mimi. Tusaidiane, kila mtu na upande wake.

#2 Mzee wa Laini

Siku kumi kurudisha elfu hamsini? Huyo kijana ni mwaminifu, mngemwalika harusini.

#3 Mpenda Herufi

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta. Ila usiilaumu fonti peke yake. Ukijua inatokana na kalamu gani, utajua kwa nini 8 ilikatika.

Miandiko hii tunayoiita ya kulala ina ukoo. Edwardian Script, Snell Roundhand, Pinyon Script, zote zimetoka kwenye mwandiko wa Waingereza wa karne ya 17 na 18, ule wa makarani wa biashara na walimu wa kuandika. Waliandika kwa unyoya uliochongwa ukawa na ncha, baadaye ikaja nibu ya chuma. Ncha ile imepasuka katikati. Ukishuka chini unakandamiza, mpasuko unafunguka, wino unamwagika mnene. Ukipanda juu unalegeza mkono, ncha inajifunga, unapata mstari kama unywele. Kwa hiyo unene wote uko kwenye mishuko, wembamba wote uko kwenye mipando na maungio. Angalia herufi yoyote ya Edwardian utaliona hilo.

Sasa karani yule aliandika kwa saizi ya mkono, juu ya karatasi laini. Wewe ukichukua umbo lilelile ukalipunguza mpaka pointi 9 na kulitupa kwenye printa ya wino kidogo, unywele unabaki wapi? Namba 8 ndiyo ya kwanza kuumia kwa sababu ina mshuko mmoja tu wa maana, pembeni zote ni wembamba.

Nyongeza kwa wapenda historia. Aliyechora Edwardian Script ni Ed Benguiat, Mmarekani, mwaka 1994. Snell Roundhand ni ya Matthew Carter, miaka ya 1960, na "Snell" ni Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Uingereza aliyekuwa akifundisha zaidi ya miaka mia mbili kabla yake. Huyu Carter ndiye pia aliyechora Verdana na Georgia, zile mnazosomea tovuti. Mtu mmoja, kazi mbili zisizofanana hata kidogo: Verdana aliichora ili isomeke kwenye skrini mbovu za miaka ya 1990, Snell aliichora ili ipendeze. Ndiyo maana hata leo huwezi kuzibadilishana kazi.

Kuna jambo linalonifurahisha kuhusu Snell. Zamani herufi za kuchapia zilikuwa vipande vya risasi, kila herufi na kijisanduku chake. Mwandiko wa kulala unainama na mikia inavuka kwenda kwa jirani, kwa hiyo kipande cha risasi kilikuwa ama kinavunjika sehemu iliyojitokeza ama kinaacha mwanya kati ya herufi. Ilipokuja mitambo ya kupanga herufi kwa picha, sanduku likaondoka. Carter alichagua mwandiko ule makusudi, ili kuonyesha kitu ambacho risasi ilikuwa inakishindwa.

#4 biharusi_mtarajiwa

Shikamooni wakubwa. Uzi umenikuta wakati wake. Naolewa mwezi wa kumi na mbili, majina ni Mwanaidi na Suleiman. Kadi ya kijani iliyoiva, maandishi ya dhahabu. Nimeona Great Vibes na nimeona Zapfino kwenye simu ya rafiki yangu. Moyo uko kwa Zapfino, lakini fundi wa kadi ameniambia "hiyo dada itakusumbua". Amekataa kwa uvivu au ana hoja?

#5 Bwana Kadi

Marahaba dada, na hongera. Ngoja wenye Zapfino waje, mimi kompyuta yangu haina.

#6 Mama Keki Tabata

Mimi nawaambieni kilio cha upande wetu. Yale majina ya kusimamisha juu ya keki, yanayokatwa kwa mashine ya leza kwenye plastiki ngumu ya dhahabu. Wateja wote wanataka mwandiko wa kuungana, na kwa kweli ndio unaofaa, kwa sababu herufi zikishikana jina zima linakuwa kipande kimoja. Ukitumia herufi zilizosimama kila moja inadondoka kivyake, inabidi uziwekee kibao nyuma.

Lakini Kiswahili na nukta ya i! Majina yetu yamejaa i. Fatuma hana neno, ila Aisha, Khadija, Saidi, Rashidi... nukta haijashikana na kitu, mashine ikimaliza inabaki kwenye sinia kama punje ya mchele. Mwanzo nilikuwa nazibandika kwa gundi moja moja, na siku ya sherehe moja inaangukia kwenye krimu. Sasa namwambia kijana wangu aisogeze nukta mpaka iguse mkia wa herufi ya jirani, au aifute kabisa aweke kijiua kinachoshikana na shina. Khadija ndiye kiboko, ana i na j zimefuatana, nukta mbili.

Halafu mikono myembamba inavunjika. Fonti ya kukatia iwe nono. Pacifico inavumilia sana, Lobster pia. Edwardian usinitajie.

#7 Fundi Vinaili Mza

Mama Keki umesema kweli, niongeze upande wa stika. Mimi nakata vinaili kwa ajili ya bajaji, vioo vya saluni na milango ya ofisi huku Mwanza.

Vijana wengi wanaoanza wanafanya kosa moja. Wanaandika jina kwa fonti ya kuungana, kwa macho limeshikana vizuri, wanatuma kwenye mashine. Mashine haioni jina, inaona michoro inayopandana: mkia wa "a" umelala juu ya "n". Basi kisu kinakata mzunguko wa kila herufi, na pale zinapopandana unapata kijipande kama jani la mchongoma. Ukibandua, maungio yote yamekatika. Kabla ya kukata, geuza maandishi yawe mchoro (kwenye CorelDRAW ni Ctrl+Q), kisha ziunganishe herufi zote ziwe umbo moja. Sekunde kumi tu. Mimi niliharibu mita tatu za vinaili nyekundu kabla ya kuelekezwa na mzee mmoja wa mabango.

Na hata kama hukati kitu, unapeleka faili kwa mchapaji, geuza maandishi yawe mchoro kwanza. La sivyo kompyuta yake ikikosa fonti yako inaweka yoyote iliyonayo. Nimewahi kuona jina la bibi harusi limetoka kwa Arial. Mama mzazi alilia.

#8 Mpenda Herufi

Dada biharusi, hongera sana. Fundi wako ana hoja, ingawa angeweza kuieleza.

Zapfino ni ya Hermann Zapf, Mjerumani, mmoja wa mafundi wakubwa wa herufi wa karne iliyopita (alifariki 2015). Msingi wake ni ukurasa wa mwandiko wake mwenyewe wa mwaka 1944, alipokuwa kijana jeshini. Fonti yenyewe ikatoka 1998. Hesabu hiyo miaka: hamsini na kitu alisubiri teknolojia imfikie. Ile mikia inayopanda juu na kushuka chini isingeingia kwenye kipande cha risasi.

Kinachoifanya iwe tamu ndicho kinachomsumbua fundi wako. Ndani yake kila herufi ina maumbo kadhaa, na programu yenye uwezo huo inachagua lipi likae na lipi. Ukiandika neno "Zapfino" lenyewe kwa fonti hiyo linageuka mchoro mmoja wa pekee. Halafu mikia ni mirefu mno, kwa hiyo mstari mmoja unadai nafasi ya mistari mitatu. Weka majina mawili, moja juu ya jingine, mkia wa juu utamchoma wa chini. Wabunifu wanapenda kupanga hayo kwa mkono, herufi kwa herufi. Fundi mwenye kadi arobaini za wiki hii hana muda huo. Tena inakuja na kompyuta za Mac. Mwenye Windows inabidi ainunue.

Great Vibes ni ya Robert Leuschke, inapatikana bure Google Fonts, na leseni yake inaruhusu biashara. Imetulia zaidi. Kama moyo uko kwa Zapfino kweli, itumie kwa herufi mbili tu, M na S, ziwe alama ya kadi, na majina kamili yaandikwe kwa kitu kingine.

Ila kuna faida yetu ambayo sijaona mtu akiisema. Madoido ya fonti hizi yanakaa zaidi mwisho wa neno, na maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu. Karibuni, mwaliko, ndoa, sherehe. Kwa hiyo ukipata fonti ambayo mkia wa a, e, i, o ni mzuri, umemaliza kazi. Jina Mwanaidi linaishia na i, Suleiman linaishia na n. Jaribu kuuangalia mkia wa n kabla hujaamua.

#9 Mzee wa Laini

Mimi naomba kuwa mchawi wa uzi. Yote hayo ni mwandiko wa kuigiza. Zamani shuleni tulikuwa na somo la mwandiko, tunachapwa kwa "a" isiyofunga. Kadi ya harusi yangu aliiandika mwalimu mmoja kwa kalamu ya wino, majina ya wageni mmoja mmoja. Leo "a" kumi kwenye kadi zote zinafanana kama soda za kreti moja. Huo ni mwandiko?

#10 Mpenda Herufi

Mzee wangu shikamoo. Umetaja soda, umenipa mpira. Ule mwandiko wa Coca-Cola uliopakwa kwenye kuta za maduka kutoka Namanga mpaka Mtwara si fonti. Uliandikwa mwaka 1886 na Frank Robinson, mtunza vitabu wa yule mfamasia aliyetengeneza kinywaji, kule Atlanta. Aliandika kwa mwandiko ambao makarani wa Marekani walikuwa wakifundishwa wakati ule, unaoitwa Spencerian kwa jina la mwalimu Platt Rogers Spencer. Angalia C mbili: ya kwanza mkia wake unapita chini ya neno, ya pili inavuka juu ya herufi jirani. Angeifanya kwa fonti, C zote mbili zingekuwa pacha, na labda tusingeikumbuka.

Kwa hiyo hoja yako naikubali nusu. Nembo ya biashara ni bora ichorwe. Chukua fonti kama kianzio, igeuze mchoro, kisha ubadilishe herufi zinazojirudia. Lakini kadi ya jumamosi ya wiki ijayo? Tumia fonti nzuri, mwite mwalimu aandike majina ya wageni kwenye bahasha.

#11 Mwana wa Khati

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, kazi yangu khati, yaani mwandiko wa nakshi wa Kiarabu, na mabango. Nyie mnastaajabia herufi kushikana, sie tumezaliwa nayo. Kiarabu huna hiari ya kutenganisha. Herufi nyingi zina umbo la mwanzo, la kati, la mwisho na la pekee. Na wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili chenyewe kwa herufi hizo, tenzi na barua, kabla hizi za Kirumi hazijatawala. Kwa hivyo hiyo "fonti inayochagua umbo kwa kutazama jirani" kwetu si ajabu mpya.

Neno langu kwa wachapaji wa kadi za ndoa. Juu mnaweka Bismillah kwa khati ya Thuluthi, imejaa nakshi. Chini yake majina kwa Great Vibes, imejaa mikia. Chini tena maua. Yakhe, macho yatue wapi? Wakubwa wawili hawakai kiti kimoja. Ikiwa khati iko juu, majina yaandikwe kwa herufi tulivu, hata ya kawaida iliyoinama kidogo. Kama majina ndiyo ya madoido, Bismillah iandikwe kwa Naskhi, ile khati tulivu, ndogo, katikati.

Na tazameni kanga. Jina la kanga sijawahi kuliona kwa mwandiko wa mikia. Ni herufi kubwa, nene, zimesimama, kwa sababu lazima jirani alisome mwenyewe akiwa anapita uani, na asiweze kusema hakuliona.

#12 Bwana Kadi

Hapo kwenye kanga nimecheka peke yangu dukani.

Kitu kingine kinachonitesa: wateja wanaotaka mwandiko huu kwa herufi kubwa zote. HARUSI YA MWANAIDI kwa Edwardian. Herufi kubwa za fonti hizi zimechorwa kila moja iwe kiongozi wa msafara, ukizipanga pamoja ni kama mabibi harusi saba kwenye mlango mmoja. Haisomeki hata kwa bahati. Nyingine ni kuachanisha herufi ili zijaze mstari. Fonti ya kuungana ukiiachanisha, maungio yanabaki yananing'inia hewani. Ukitaka ijaze, ikuze.

Na jamani Monotype Corsiva, ile ya vyeti vya semina, si ya kuungana. Herufi zake hazishikani, zimeinama tu. Mteja akisema "ule wa kulala" muulize kwanza ni upi, nimeshachapa mara mbili bure.

#13 Fundi Vinaili Mza

Swali la haraka kwa Mpenda Herufi: huku Usukumani tuna majina yenye ng'. Ng'wandu, Ng'hwani. Fonti nyingi za mwandiko ile alama ya juu inakaa mbali kama nzi, na muungano wa g na w unakatika. Mnafanyaje?

#14 Mpenda Herufi

Isogeze kwa mkono mpaka ikae juu ya bega la g, na hakikisha umetumia ile iliyopinda kama koma, si ile ya kusimama kama msumari. Muungano wa g na w uusogeze ushikane tena. Ndiyo maana nasema jaribu fonti kwa maneno yetu kabla hujaipenda. Sampuli zote mtandaoni ni "Emily & James". Mimi huandika Mwananyamala. Neno lile lina M, w, n, n, y, m zimebanana, vilima vitupu. Fonti ikifanya lisomeke, inafaa Kiswahili. Ikigeuka mawimbi ya bahari, naiacha hata kama ni nzuri kiasi gani.

Na mambo ya leseni, kwa sababu wengi wanapuuza. Fonti nyingi za mwandiko mnazoshusha bure zimeandikwa ni kwa matumizi binafsi. Kadi unayouza si matumizi binafsi. Google Fonts utapata Great Vibes, Alex Brush, Allura, Pinyon Script, Dancing Script, zote huru kwa biashara. Zinatosha duka zima.

#15 biharusi_mtarajiwa

Ahsanteni sana wote. Nimekaa na fundi jana, tumejaribu. Zapfino nimeiacha, mkia wa S ulimchoma Mwanaidi kifuani, ikabidi nikubali. Tumechukua Pinyon Script kwa majina, kubwa, dhahabu. Mengine yote herufi za kawaida. Nikamwambia aandike na Mwananyamala, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini imesomeka.

Kitu kimoja tu. Kati ya majina yetu fundi ameweka ile "&" yenye mizunguko. Mama anasema ni nini hicho, kwani Kiswahili hakina "na"?

#16 Mwana wa Khati

Mama kasema.

#17 Bwana Kadi

Weka "na", dada, ndogo, katikati, kwa fonti hiyohiyo. Ina mkia mzuri wa a. Na namba ya mweka hazina nitumie kwanza niione kabla hawajachapa.